Usiuze maharage ukanunue biskuti: vyakula vya pakiti na afya ya familia



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni suala la afya: biskuti, soda, pipi, jusi za unga, tambi za pakiti, kriski na vidonge vya mchuzi vinavyouzwa katika kila kibanda cha soko letu.

Tunapopita nyumba kwa nyumba huwa tunauliza kuhusu choo, chandarua na chanjo. Siku hizi tunauliza pia: "Mtoto amekula nini tangu asubuhi?" Mara nyingi tunajibiwa kwamba amekunywa chai na kula biskuti. Mchana je? Kriski na jusi ya pakiti. Na mara nyingi pesa iliyonunua vitu hivyo imetokana na kikombe cha maharage au cha unga kilichouzwa siku ya mgao.

Makala hii haimlaumu mama wala baba yeyote. Mgao umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, kuni ni shida, na kila mzazi anafanya anachoweza. Lakini ni haki ya kila mtu kujua anachopata na anachopoteza anapobadilisha maharage kwa biskuti.

VYAKULA HIVI NI VIPI?

Wataalamu wa lishe huviita "vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi". Mwaka 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza vyakula vipangwe kwa kuangalia jinsi vilivyotengenezwa. Kutokana na kazi yake na wenzake, leo vyakula vyote hugawanywa katika makundi manne. Sisi tuliotoka Rumonge, Nyanza-Lac, Baraka au Uvira tunaweza kuyaelewa makundi hayo kwa mifano ya ziwa letu la Tanganyika.

Kundi la kwanza ni chakula kama kilivyotoka ziwani au shambani, au kilichobadilishwa kidogo tu. Hapa tunaweka mukeke na sangala, ndagala mbichi na ndagala zilizoanikwa juani, maharage, muhogo na unga wake, ndizi, viazi vitamu, lengalenga, majani ya muhogo ya kupika sombe, maembe, mayai na maziwa.

Kundi la pili ni vitu vya kupikia, ambavyo mtu havili peke yake: mawese, chumvi na sukari.

Kundi la tatu ni chakula cha kundi la kwanza kilichoongezwa kitu cha kundi la pili ili kikae au kiwe na ladha: samaki waliotiwa chumvi, mkate wa kawaida wa mwokaji wa mtaani, samaki wa kopo wenye mafuta na chumvi tu.

Kundi la nne ndilo tunalozungumzia leo. Ni vitu vilivyotengenezwa kiwandani kwa sehemu za vyakula zilizotenganishwa na kuchanganywa upya, kama unga uliokobolewa, sukari, sirapu na mafuta yaliyosafishwa, kisha vikatiwa rangi, harufu na dawa za kuvifanya vikae muda mrefu. Soda, pipi, biskuti, kriski, jusi za unga, tambi za pakiti, vidonge vya mchuzi, soseji, siagi za mimea na vinywaji vya kuongeza nguvu vimo humo.

Chukua mfano wa mchikichi. Rumonge ndiko kitovu cha mawese nchini Burundi, na wengi wetu tumeona yanavyotengenezwa. Matunda yanachemshwa, yanapondwa, yanakamuliwa, na mafuta yanatoka mekundu. Rangi hiyo nyekundu ina kazi, kwa kuwa mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo inalinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Viwanda vikubwa vya dunia navyo hutumia mafuta ya mchikichi. Lakini kabla ya kuyatia kwenye biskuti huondoa ile rangi na harufu, kisha huyachanganya na unga mweupe, sukari na harufu ya kutengeneza, kama ya ndizi au ya maziwa. Mti ni ule ule, lakini kilichokuwa na faida kimebaki njiani.

Utajuaje kwamba kitu kiko kundi la nne? Geuza pakiti usome. Vitu vilivyotumika hupangwa kwa wingi, kile kilicho kingi zaidi kikitangulia. Ukiona sukari imetajwa mwanzoni, ujue unanunua sukari. Na ukiona majina ya vitu ambavyo havipo katika jiko la mtu yeyote, kama rangi, harufu, sirapu ya glukosi na vihifadhi, basi hicho ni cha kundi la nne. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee. Mwambie aangalie pia tarehe ya mwisho ya kutumika, maana bidhaa zilizopita muda huuzwa bei nafuu.

KWA NINI TUNAVINUNUA?

Sababu zipo, na ni za kweli.

Kwanza, havihitaji kuni. Maharage huchukua saa nyingi motoni. Mama anayejua kwamba kutafuta kuni ni kutembea mbali, na kwamba njiani kuna hatari ya kupigwa au kubakwa, ana sababu ya kumpa mtoto biskuti.

Pili, vinauzwa kidogo kidogo. Mwenye shilingi mia moja au mia mbili hawezi kununua kilo ya samaki, lakini anaweza kununua pakiti ndogo.

Tatu, mgao ni ule ule kila mwezi. Mtu akila ugali na maharage siku zote ulimi huchoka, na kidonge cha mchuzi huleta ladha ya nyama pasipo na nyama.

Nne, ni heshima. Mgeni akifika, kumpa fanta kunaonyesha umempokea vizuri. Na mtoto anayekula kriski mbele ya wenzake huonekana wa nyumba yenye uwezo.

VINATUFANYA NINI?

Mtoto mdogo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo sana. Akijazwa biskuti na chai ya sukari saa nne asubuhi, saa saba hataki ugali na maharage, na mama hudhani mtoto hapendi chakula. Ukweli ni kwamba ameshashiba, ila ameshiba sukari na unga mweupe. Mwili wake haujapata vya kutosha vya kujenga nyama, mifupa, damu na ubongo. Wataalamu huita hali hii njaa iliyofichika, kwa kuwa mtoto halii njaa lakini hakui.

Jambo hili linatuhusu sana. Utafiti wa afya na idadi ya watu uliofanyika Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Udumavu huanza tumboni mwa mama na huzidi hadi mtoto afike miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Biskuti peke yake si chanzo cha udumavu. Umaskini, kuhara kwa mara kwa mara na malaria vimo pia. Lakini kila siku ambayo biskuti imechukua nafasi ya maharage na ndagala ni siku ambayo mtoto hakujengwa.

Meno. Sukari inayokaa mdomoni hulisha vijidudu vinavyotoboa meno. Pipi ya kijiti inayonyonywa nusu saa ni mbaya kuliko tunda linalotafunwa na kumezwa. Mtoto mwenye meno mabovu hali vizuri, na halali vizuri.

Mama mjamzito. Mimba inahitaji damu, na damu inahitaji madini ya chuma yaliyomo katika maharage, samaki, nyama na majani. Soda haina chuma. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo zinywewe kando, baada ya saa moja au mbili. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini nyingi na havimfai mjamzito wala mtoto.

Watu wazima. Wengi tunadhani presha na kisukari ni magonjwa ya matajiri wa Bujumbura. Sivyo. Presha hupatikana kambini pia, na mara nyingi haina dalili mpaka mtu apooze upande mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikiwa ni pamoja na chumvi iliyokwisha kuingizwa ndani ya vyakula. Sasa hesabu: kidonge kidogo cha mchuzi cha gramu 4 kina karibu gramu 2 za chumvi. Ukitia vidonge vitatu au vinne kwenye sufuria, kisha ukaongeza chumvi, kisha ukaweka samaki wa chumvi, familia nzima imevuka kiasi bila kujua.

Sukari nayo ina hesabu yake. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hadi 40 za sukari, yaani vijiko 7 hadi 10 vya chai. Shirika hilo hilo linasema ni bora mtu mzima asizidishe kama vijiko 6 kwa siku nzima. Soda moja imekwisha kupita.

UTAFITI UMEONYESHA NINI?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani, Dk. Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya walichukua watu 20 wakakaa nao kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na wiki mbili vyakula vya kawaida. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa nguvu, sukari, mafuta na chumvi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Walipokuwa kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi kama hicho hicho. Vyakula vya kiwandani ni laini, hushuka haraka, na tumbo huchelewa kusema basi.

Mwaka 2024 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mkusanyiko wa matokeo ya uchunguzi mwingi uliohusu watu karibu milioni 10. Ilionekana kwamba wanaokula sana vyakula hivi wanapata zaidi maradhi ya moyo, kisukari cha ukubwani, unene wa kupindukia na hata huzuni na wasiwasi. Uchunguzi wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kila sababu, lakini matokeo mengi yanaelekea upande mmoja.

Na mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa umri wa shule wenye unene wa kupindukia wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko. Lakini sisi tunaweza kupigwa pande mbili: mtoto kudumaa kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, kisha akiwa mtu mzima kupata presha na kisukari kwa kula sukari na chumvi.

PAKITI AMBAZO NI ZA MATIBABU

Hapa tunaomba usome kwa makini, maana si kila kilicho ndani ya pakiti kinafanana.

Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga inayotolewa kliniki ya lishe, imetengenezwa kiwandani. Lakini ni tiba. Imewekwa maziwa, vitamini na madini kwa kipimo maalumu ili kumwokoa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Unga wa CSB nao umeongezwa vitamini na madini kwa ajili ya watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Mafuta ya mgao yameongezwa vitamini, na chumvi ya mgao imetiwa madini joto yanayozuia ugonjwa wa tezi la shingo.

Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba "makala ilisema vya kiwandani ni vibaya" akakufanya uache Plumpy'Nut ya mtoto. Mtoto aliyeandikiwa amalize zote. Usimgawie kaka yake, usiipeleke sokoni. Pakiti moja ya Plumpy'Nut ikiuzwa ili kununua biskuti, mtoto mgonjwa amepoteza dawa na hakupata chakula.

SODA SI DAWA

Tunasikia mara kwa mara kwamba soda nyekundu huongeza damu, na kwamba mtoto anayehara apewe fanta. Yote mawili si kweli.

Rangi nyekundu ya soda ni rangi tu. Damu huongezwa na chuma kilichomo katika chakula na katika vidonge vinavyotolewa kliniki ya wajawazito.

Mtoto anayehara akipewa soda, sukari nyingi huvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo na kuhara kunazidi. Wengi wetu tunakumbuka Kagunga, Mei 2015, tulipovuka kutoka Burundi tukajazana pwani ile nyembamba kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua. Waliopona waliokolewa na maji ya chumvichumvi, yaani ORS, pamoja na dripu kwa waliozidiwa. Mtoto akihara, chukua pakiti za ORS kituo cha afya. Kama hujazipata, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe juu, usizidishe. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, kisha umpeleke kituoni.

TUFANYE NINI ILI TULE VICHACHE?

Si lazima kuacha vyote siku moja. Anza na haya.

1. Fanya hesabu ya mwezi. Tuseme una watoto watatu na kila mmoja anapata pakiti ya shilingi 200 kwa siku. Hiyo ni shilingi 600 kwa siku, na shilingi 18,000 kwa mwezi. Nenda sokoni na hesabu hiyo, uulize utapata vikombe vingapi vya ndagala, karanga au maharage. Nyumba nyingi hazijui kwamba zinatumia pesa hiyo, kwa sababu hutoka kidogo kidogo.

2. Usiuze chakula cha kujenga mwili. Kama huna budi kuuza sehemu ya mgao ili kupata sabuni au dawa, maharage, mafuta na CSB viwe vya mwisho kabisa. Na ukiuza unga kidogo, pesa inunue mboga, ndagala au chumvi, isinunue vya pakiti.

3. Okoa kuni. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo, upike kwa maji mapya. Funika sufuria. Njia nyingine ni kapu la joto: yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha weka sufuria iliyofunikwa ndani ya kapu au ndoo iliyojazwa nyasi kavu na blanketi kuukuu, uliache saa kadhaa. Litaendelea kuiva bila moto. Ukilitoa, lichemshe tena mpaka maharage yalainike kabisa. Majirani wawili wanaweza pia kupika sufuria moja kubwa kwa zamu, kila mmoja akatoa kuni siku yake.

4. Badilisha ladha bila kidonge. Kitunguu, nyanya, pilipili, tangawizi, karanga zilizopondwa na unga wa ndagala huleta ladha nzuri kwenye mboga. Ukishindwa kuacha kidonge, tia kimoja badala ya vitatu, na usiongeze chumvi.

5. Andaa kitu cha mkononi. Mtoto akilia anataka kitu. Kiazi kitamu kilichochemshwa jana, ndizi, muhogo uliochemshwa au embe la msimu vinaweza kukaa tayari. Karanga zifae kwa wakubwa, au kwa watoto wadogo zikiwa zimepondwa, maana karanga nzima inaweza kumkaba.

6. Maji yawe kinywaji cha kwanza. Maji safi, au maji yenye ndimu kidogo, yanatosha. Soda ibaki ya arusi na sikukuu.

7. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Hakuna maji, chai, biskuti iliyolowekwa wala jusi. Baada ya miezi sita aanze uji na vyakula laini, aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 au 4.

8. Lima penye nafasi. Gunia lililojazwa udongo na kutobolewa matundu ubavuni linaweza kubeba lengalenga, sukumawiki na vitunguu mlangoni pako. Limwagilie maji uliyoshia mboga.

UJI WA NDAGALA KWA MTOTO WA MIEZI SITA NA ZAIDI

Chagua ndagala kavu zisizo na harufu mbaya wala ukungu. Zioshe mara mbili au tatu kuondoa mchanga, hasa kama zilianikwa chini. Wavuvi wengi wa pwani ya Burundi tangu miaka ya 2000 wamefundishwa na FAO kuanika juu ya vichanja vya waya, na ndagala za namna hiyo huwa safi zaidi. Zikaushe tena kwenye kikaango, uzitwange, kisha uchekeche unga wake.

Pika uji wa mahindi uwe mzito kiasi, usiotiririka kwenye kijiko. Ukikaribia kuiva, tia kijiko kimoja cha unga wa ndagala na kijiko cha chai cha mafuta ya mgao au mawese. Uache uchemke dakika chache. Hauhitaji chumvi wala sukari. Ndagala huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana ana nguvu ya kujenga mwili na mifupa pia.

Kuhusu mawese: usiyachome mpaka yawe meupe. Wengi tumezoea hivyo ili kuondoa harufu, lakini moto huo unaua ile vitamini A. Yatie mwishoni, na yawe kidogo, maana mafuta yakizidi nayo si mazuri kwa moyo.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, mandazi na vitumbua ni vibaya kama biskuti?
Hapana. Mandazi yanayopikwa nyumbani yana unga, mafuta na sukari, hayana rangi wala vihifadhi. Lakini si chakula cha kujenga mwili, kwa hiyo yasichukue nafasi ya maharage. Kula moja pamoja na uji wa CSB au maharage ya jana ni afadhali kuliko kula manne na chai tupu.

Je, samaki wa kopo?
Wale wa mafuta au nyanya wanafaa pale ambapo ndagala hazipatikani. Punguza chumvi kwenye mboga utakayowatia. Kopo lililovimba au lenye kutu usilifungue, litupe.

Mume wangu anatumia kinywaji cha kuongeza nguvu akienda vibaruani. Ni vibaya?
Kinamchangamsha kwa muda kwa sukari na kafeini, hakimpi chakula. Mwenye presha akiepuke kabisa. Ugali na maharage ya asubuhi vitamfikisha mbali zaidi.

Nitajuaje kama mtoto wangu ameathirika?
Mlete apimwe. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu, ni utapiamlo mkali na aende kliniki siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5, yaani njano, naye anahitaji kuandikishwa au kufuatiliwa. Miguu ikivimba pande zote mbili, usisubiri utepe.

KWA WANAOREJEA NYUMBANI

Tangu 2017 wengi wetu wamekuwa wakirejea Burundi, na wengine wanajiandaa. Usidhani kwamba habari hii inaishia kambini. Madukani Rumonge na Nyanza-Lac kuna pakiti zile zile. Tena huko kuna jambo jingine la kuangalia: mvuvi huuza samaki wote na mwenye michikichi huuza mafuta yote, kisha pesa hurudi nyumbani ikiwa biskuti na fanta. Uza, maana pesa inahitajika kwa shule na matibabu, lakini pima kwanza sehemu ya watoto. Kikombe kimoja cha ndagala kikibaki nyumbani kila unapouza, hakitapunguza biashara yako.

KUMBUKA

- Maharage, mafuta na CSB ni vya watoto wako, si vya soko.
- Plumpy'Nut ni dawa, mgonjwa aimalize.
- Soda haiongezi damu wala haitibu kuhara. Tumia ORS.
- Kidonge cha mchuzi ni chumvi. Punguza.
- Mtoto apate chakula chake kwanza, kitamu cha pakiti kikibaki ni cha siku ya sikukuu.

Ukiwa na swali, muulize mhamasishaji wa mtaa wako anapopita, au fika kituo cha afya siku ya kliniki ya lishe. Kupimwa na kushauriwa ni bure. Na kama nyumba yako ina njia nzuri ya kupika kwa kuni chache, tuambie ili tuifundishe kwa wengine katika toleo lijalo.

Mhamasishaji wa afya wa kujitolea